Kinywa cha Mgonjwa Asiyekula

Katika miaka niliyouguza wazee wodini, mgonjwa anayelishwa kwa mrija wa puani ndiye niliyemwona akisahauliwa zaidi inapofika saa ya kupigishwa mswaki. Hoja huwa ileile: hali chochote kwa kinywa, sasa kuna nini cha kusafisha? Kumbe asiyetafuna wala kunywa hutoa mate machache, na mate ndiyo yanayousuuza mdomo mchana kutwa. Yakipungua, ulimi hufunikwa na utando mzito, makohozi hukaukia kwenye kaakaa, na bakteria huzaliana humo. Uchafu huo huteremka mapafuni kidogo kidogo, kwani mzee aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na mate yake mwenyewe bila hata kukohoa, na wauguzi wakashtuliwa na homa ya nimonia.

Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu wazee 417 katika makazi 11 ya kulelea wazee, ulionyesha nimonia kwa asilimia 11 ya waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo, na asilimia 19 ya wengine.

Woga wa wenzangu naufahamu, kwa sababu maji yaleyale ya kusafishia yanaweza kumpalia mgonjwa. Ndiyo maana humketisha wima, au nikamlaza kwa ubavu ikiwa hawezi kuketi, nikatumia mswaki mdogo laini uliokamuliwa maji, pamoja na dawa ya meno chembe tu, tena isiyotoa povu, huku mashine ya kufyonza ikiwa tayari kando ya kitanda. Shashi peke yake hupangusa tu. Haing'oi utando ulioganda kwenye meno.

Kigumu zaidi ni kinywa kisichofunguka. Bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alikuwa akiung'ata mswaki kila ulipogusa meno, na mimi, kwa haraka ya zamu, nikawa nauvuta, naye akazidi kukaza taya. Nilipojifunza kuuacha palepale, nikimpapasa shavu na kumwambia, “Bibi, pole, tunamalizia,” taya zililegea zenyewe. Kazi hiyo ilichukua dakika nyingi, na dakika ndizo tusizokuwa nazo.

Fomu yetu ya zamu ilikuwa na nafasi ya kuandika maziwa yaliyopitishwa mrijani, mkojo, na saa za kumgeuza mgonjwa. Ya kinywa haikuwapo, nikaichora pembeni kwa kalamu.