Chura Aliyekamatwa Mguu

Nyoka wa majani yule hakuanza kuwinda mpaka mwili wake ulipopata joto. Ilikuwa Juni, kusini mwa Uingereza, kando ya bwawa lenye matete. Alikuwa jike, urefu wake karibu mita moja, shingoni ana ukosi wa manjano uliopakana na weusi. Madume huwa madogo kuliko hivyo.

Alianza ukingoni, taratibu, ulimi ukitoka na kuingia. Ulimi hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho kaakaani, na ncha zake mbili humjulisha harufu imezidi upande gani. Macho yake hunasa zaidi kinachosogea. Chura wa kwanza alitulia tuli, akapitwa. Wa pili akaruka, na kuruka ndiko kulikomponza.

Nyoka alifyatuka, akakosa. Chura akatumbukia majini naye akamfuata papo hapo, kichwa juu ya maji, mwili ukijipinda kushoto na kulia. Kisha akazama. Alipoibuka alikuwa amembana chura mguu wa nyuma, akamburuta hadi nchi kavu.

Nyoka huyu hanyongi windo lake wala hasubiri life, humeza hai. Meno yake madogo yamepinda kuelekea kooni, hivyo chura akijivuta yanazidi kuzama. Taya husonga kwa zamu, la kulia likishika la kushoto linapiga hatua, na mdomo wa koo la hewa husukumwa mbele ili asikose pumzi. Samaki angeanzwa kichwani, mapezi yalale. Kazi ingekuwa nyepesi. Chura aliyeshikwa mguu ni shida tupu: mguu wa pili unakwama pembeni ya kinywa, naye anajijaza hewa mpaka anavimba.

Paja lilikuwa limeshaingia pale mtu mmoja mwenye kamera aliposogea mno. Kosa la kawaida hilo, na matokeo yake yanajulikana: nyoka aliyejaza kinywa hawezi kukimbia, kwa hiyo hulitema windo. Yule alinasua meno upande mmoja, kisha wa pili, akatoa uvundo wake mkali na kuingia majini. Chura alibaki hai, paja limechanika.

Mchana nyoka alionekana tena penye maji mafupi, anakula viluwiluwi. Hao hakuwaburuta popote; aliwameza humo humo majini, mmoja baada ya mwingine.