Siku moja na chensoo huku Mufindi

Saa 10 na nusu alfajiri. Huku kwetu mwezi wa saba ukitoa mkono nje ya blanketi unarudi wenyewe. Nyie wa Dar mkiona picha za misindano, yaani paini, imezama kwenye ukungu mnasema aisee pazuri, njooni muoge maji ya saa hizi ndo tuongee vizuri. Mimi ni opereta wa chensoo, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, mwaka wa tisa huu, nakata miti ya watu binafsi vijiji vya pembeni ya Mafinga. Sio kule shamba la serikali la Sao Hill, kule wanaingia wenye vitalu na vibali vyao. Sisi wateja wetu ni mzee ana ekari zake 3 za paini, mtoto kachaguliwa chuo, ada haipo, basi simu inaita.

Sijaoga bado, nawasha taa nakaa na tupa. Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, watu wanadhani kazi ni ule mti unavyolala na kelele zake. Mashine yangu ni Stihl 381, cheni ya 3/8, tupa ya duara milimita 5.2, unasukuma kwa kwenda mbele tu, hurudishi kama unakata mkate, nyuzi 30, na kila jino idadi ileile. Unatafuta jino lililoisha kuliko yote, hilo ndo kipimo, mengine yote unayashusha yalingane nalo. Ukinoa ya kushoto mara tatu afu ya kulia mara tano kisa mkono umechoka, mashine itakata kwa kupinda mpaka utamlaumu mganga. Kujua kama imekubali usiangalie jino, angalia kinachotoka: cheni kali inatupa makombo, cheni butu inatoa unga. Ukiona unga, zima, kaa chini, noa.

Saa 12 kasoro bodaboda kafika, chensoo katikati, madumu mkononi. Tunapita kwa mama ntilie, chapati 2 na chai ya tangawizi ya kuchoma koo. Dogo wangu anachanganya mafuta, lita 5 za petroli mililita 100 za oili ya 2T, ile ya injini zinazochanganya oili na petroli, namsimamia apime kwa kikombe cha alama, hakuna kukadiria kwa macho. Mana njia ya mkato ilishanigharimu, mwaka juzi nilinunua petroli ya chupa barabarani, nikaokoa dakika 20, kumbe imechakachuliwa, mashine ikanoki mti wa tatu tu, pistoni imekwaruzika kama imepigwa msasa. Nilifanya kibarua cha kubeba mbao miezi miwili kununua nyingine, kwahiyo dogo akininunia kuhusu kikombe anune tu.

Saa 1 na nusu tupo shambani. Mzee yupo kwenye moto wake, "kamwene baba", "kamwene mwanangu, mmeamkaje". Tunazunguka naye kuangalia mipaka kwanza, hii usiiruke hata kama mzee anakwambia anaijua, mti mmoja wa jirani ukiuangusha utaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji wiki nzima.

Saa 2 naanza. Kila mti naangalia juu kabla ya chini, umeegemea wapi, tawi kavu lipo wapi, upepo unatoka wapi, afu nasafisha njia yangu ya kukimbilia nyuma kwa pembeni. Nakata mdomo, yaani pengo la kabari, upande unakotaka kulala, nahamia nyuma, nakata juu kidogo ya sakafu ya mdomo, naacha bawaba katikati, kipande kisichokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene wa mti. Hiyo bawaba ndo usukani, vijana wengi wanaikata yote kwa papara mti ukaamua wenyewe pa kwenda. Paini ina adabu kidogo. Mlingoti, yaani mkaratusi, hapana, ule ukiwa umeegemea unaweza kupasuka kwa wima ukakurudia kifuani kabla hujamaliza kukata, mlingoti ulioegemea siukati nikiwa na haraka.

Mti wa 14 ukanasa. Umelala kwenye mwenzake, umeng'ang'ania juu, chini upo kwenye kisiki. Dogo kashaanza kusogea akate ule ulioushikilia, nikamfokea mpaka mzee akasimama. Nyie mnaosoma, ukikata ule ulioshikilia inakushukia yote miwili. Tukafunga kamba kwenye kitako, watu sita, tukavuta kinyumenyume huku wawili wanauzungusha kwa mtaimbo. Nusu saa nzima, siku hizo ndo unaona kwanini malipo kwa idadi ya miti yana roho mbaya.

Kujaza mafuta tunajazia kwenye udongo mtupu, na mashine ya moto hailazwi kwenye majani makavu, kiangazi hiki sindano za paini zinashika moto kama petroli, na moto ukishatoka shamba moja haujui hati ya mtu.

Saa 7 ugali maharage. Upepo umeanza, mchana huu siangushi tena, nakata magogo futi 12 tu, na vijana wanayasogeza kwenye dingdong. Kama huijui, ni ile mashine ya bledi ya duara na injini ya dizeli, inahamishika shamba kwa shamba, inalia bonde zima. Nzuri kwa kufika popote ila bledi nene inakula mbao, lile lundo la vumbi pale pembeni nusu yake ilikuwa hela ya mtu. Mabanzi wanachukua kina mama kwa kuni, mzee kawaruhusu, hapo nimempenda.

Saa 9 mnunuzi kaja na futi yake. Hapa ndo maneno. Miti ina miaka tisa, mbao 2x4 zinatoka, ila 2x6 za maana chache, na zile za katikati ya gogo zinaanza kupinda hata hazijakauka. Mnunuzi anashusha bei, mzee ananiangalia mimi kana kwamba nina la kusema. Ninalo, baba, ungesubiri miaka mingine minane, ila chuo hakisubiri, nikanyamaza nikajifanya nakaza cheni.

Saa 11 Fuso imefika, utingo anapanga, ushuru umelipwa, TP, kile kibali cha kusafirishia mbao, ipo mkononi. Zinazobaki tunazipanga na vijiti katikati hewa ipite, ukizilaza zimebanana paini mbichi inaingia rangi ya bluu na hapo mteja ameshapata sababu.

Saa 1 usiku nyumbani. Nasafisha filta, nakwangua mfereji wa baa, ile bapa inayobeba cheni, naigeuza juu chini ili isilike upande mmoja. Utomvu mikononi hautoki kwa sabuni, ni mafuta ya taa kwanza, na mke wangu anasema hata chakula kinanukia paini. Dogo kanitumia meseji, "bro kesho nije na tupa yangu?" Nikamjibu njoo nayo, ila ukinoa unahesabu kwa sauti nisikie.