Vidole vya baba

Vidole vya baba yangu havisomeki kwenye mashine. Vilishika bunduki, vikashika jembe, vikachuma karafuu msimu hadi msimu, na sasa ana miaka 71 ncha zake zimelika hata ule mstari wa kuzaliwa nao hauonekani.

Baba ni mwanajeshi mstaafu, na wastaafu huhakikiwa ili ijulikane wako hai. Uhakiki wa mwisho tulipanda gari ya alfajiri kutoka Konde mpaka Chake Chake, hapa Pemba. Ofisi siitaji. Kijana aliyekaa kwenye mashine akasema, "Bonyeza tena, mzee." Baba hakusikia. Nikamshika mkono nikabonyeza naye: kidole gumba, cha shahada, cha kati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Haikukubali. Tukarudi nyumbani. Baada ya siku nne tukaenda tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu tulimkuta dada mmoja wa makamo, akainuka kwenye kiti chake, akaja upande wetu, akamwamkia shikamoo, kisha akamshika viganja vyote viwili na kuvitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Baba, mwakani wiki nzima kabla hujaja upake mafuta ya nazi usiku. Na kazi ya shamba umwachie mwengine." Akatoa fomu ya karatasi, akaijaza kwa mkono wake mwenyewe. Ilikwisha kwa nusu saa.

Nauli ya watu wawili mara tatu, na mimi ruhusa tatu za skuli ninayofundisha. Nayahesabu haya kwa sababu wanaopanga utaratibu hawayahesabu.

Baba aliingia JWTZ, jeshi la Tanzania, akiwa kijana wa miaka 21. Ilipofika mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baba aliisikia hotuba ile kwenye redio ya kambini. Wiki chache baadaye alikuwa amelala kwenye matope nchi ambayo mama yake, mtu wa Micheweni, hakuwahi hata kulisikia jina la mkoa wake. Alikuwa kwenye mizinga. Alipita Masaka, alipita Lukaya penye kinamasi, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena. La kulia lilimfuata taratibu. Sisi watoto tumekua tunajua kuwa baba huzungumzwa kwa mbele, akiuona mdomo wako.

Hakuna karatasi inayosema masikio yale yaliharibiwa na mizinga. Nimeitafuta kwenye bahasha yake ya kaki mara nyingi. Mna cheti cha kuachia jeshi, mna picha ndogo ya pasipoti, mna barua moja iliyotafunwa na mchwa pembeni. Wakati ule, anasema, mwenye mguu uliokatika ndiye aliyeandikwa. Wa masikio alirudi kazini.

Sasa yako mambo yanayozungumzwa kuhusu wastaafu, na kila ifikapo Juni, msimu wa bajeti, yanazungumzwa zaidi. Kubwa kwangu ni hili la kuhamishia kila kitu cha mstaafu kwenye simu. Wastaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wameshaanza kujihakiki kwa simu, uso mbele ya kamera. Wanajeshi wa umri wa baba hawamo kwenye mfuko ule, pensheni yao inatoka Hazina moja kwa moja, lakini sioni kwa nini upepo huu usiwafikie. Na sikatai. Mstaafu wa mjini Unguja mwenye simu nzuri na mjukuu wa chuo atapumua. Ninachouliza ni nani atakuwa ofisini siku ambayo simu itamkataa mtu kama baba. Ana simu ya kitochi. Mtu wa huduma kwa wateja akimpigia, baba hasikii. Ujumbe ukija, herufi ni ndogo. Kamera ikimwambia kwa sauti "geuza uso kushoto", ataendelea kutazama mbele kama alivyofundishwa kwenye gwaride. Vita vilichukua masikio, mashamba yakachukua vidole, na vitambulisho vyote vipya vinataka ama sikio ama kidole.

Yule dada wa Chake na fomu yake ya karatasi, huyo ndiye ninayetaka aandikwe kwenye kanuni. Asiwe hisani ya mtu mmoja mwenye moyo mwema. Awe haki, kila wilaya, Micheweni pia, mwaka mzima.

La kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu, nalisema kwa haraka maana limewatia watu hofu bure hapa kijijini. Yale mabishano ya mwaka 2018, mkupuo (fungu analolipwa mstaafu kwa mara moja) kushushwa, kisha kuwa asilimia 33 mwaka 2022, yaliwahusu watumishi walio kwenye mifuko. Mzee aliyekwishalipwa kiinua mgongo chake miaka mingi nyuma hanyang'anywi. Nimemweleza baba mara mbili, mara ya pili nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Akasoma, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Kinachomgusa ni kima cha chini cha pensheni. Katika bajeti ya 2015, Saada Mkuya, Mzanzibari mwenzetu, akiwa Waziri wa Fedha wa Muungano, kiwango kile kilipandishwa kutoka shilingi 50,114 hadi 100,125 kwa mwezi. Nakumbuka baba alivyonunua bati kumi mwaka ule. Lakini bati, mchele na nauli hazikusimama kusubiri bajeti nyengine, na kwa miaka baada ya hapo ile laki moja ilikuwa ikipungua mfukoni huku kwenye karatasi ni ileile. Ndiyo maana nasema kupandisha mara moja kwa tangazo hakutoshi. Kima kifungwe na bei za vitu, kiwe kinapanda chenyewe kila mwaka bila mzee kusubiri waziri amkumbuke.

Kuna pia Pensheni Jamii ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, baadaye ikawa 50,000. Baba alipotimiza 70 akaandikwa kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Barazani, kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani na mwenye akili, akasema hadharani kuwa mtu mwenye pensheni ya Hazina asipewe na hii, aachiwe masikini zaidi. Ami yangu, aliyekuwa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, akakasirika akaondoka. Mimi sikukasirika, kwa sababu hoja ile itasemwa na wakubwa kuliko yeye siku moja na ni bora tuwe na jibu. Jibu langu ni kuwa ile hamsini ndiyo pesa pekee ambayo baba hakuombwa kuthibitisha vita vyake ili aipate. Aliulizwa umri na mahali anapoishi. Ukianza kuchuja nani ana kingine na nani hana, utahitaji karatasi, na karatasi ndizo ambazo wazee hawa hawana. Atakayeanguka kwanza kwenye chujio ni mjane wa mwanajeshi, siye tajiri.

Upande wa matibabu nina swali moja tu. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza mwaka 2023 na watumishi wa umma wa Zanzibar. Baba hakuwahi kuwa mtumishi wa SMZ. Aliajiriwa na Muungano, anaishi Pemba, na hospitali ya jeshi tunayoijua ni ya Bububu, Unguja, safari ya boti. Kila serikali inapotunga jambo lake jipya, mtu wa aina hii aandikwe kwa jina lake humo: mwanajeshi mstaafu wa Muungano anayeishi Zanzibar. Asiachwe atafute mwenyewe yuko chini ya kifungu gani.

Jana nilimuuliza kama anataka nimuombee msamaha wa kwenda mwenyewe safari hii, nipeleke barua ya sheha. Akanitazama mdomo mpaka nikamaliza.

"Nitakwenda, mwanangu. Wasije wakasema nimekufa."

Tunakwenda Jumatano ijayo. Shati lake la mikono mirefu limeshapigwa pasi, na kikombe cha mafuta ya nazi nimekiweka kando ya kitanda chake tangu Jumamosi.