Almasi ya Vipande 500

Jumapili, usiku

Nimefika nyumbani muda mrefu lakini usingizi hauji. Karatasi ya mhusika wangu wa mchezoni iko mbele yangu, na kila nikiitazama jicho linaangukia mstari uleule, chini ya kamba na mafuta ya taa: almasi moja, thamani vipande 500 vya dhahabu. Niliuandika mwenyewe kwa penseli miezi mingi iliyopita, siku tuliyomshinda joka mdogo pangoni, kisha nikausahau. Leo almasi hiyo imetugombanisha.

Tuko watano mezani. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi na kuigiza wahusika kwa dadu, ndani ya Forgotten Realms, ulimwengu ambao Ed Greenwood alianza kuubuni tangu utotoni, na sanduku lake la kwanza la mchezo likachapishwa mwaka 1987. Mimi ni kasisi, ngazi ya 9. Rafiki yangu wa miaka mingi ndiye paladini wetu, askari wa kiapo kitakatifu. Alikuwa, niseme.

Mbele yetu palikuwa na daraja la kamba, chini yake korongo, nyuma yetu orki wasiohesabika. Rafiki yangu akamuuliza mwendesha mchezo, msimulizi na mwamuzi wetu, swali moja tu: "Nikisimama katikati nikawazuia huku nakata kamba, wenzangu watakuwa wamefika ng'ambo?" Mwendesha mchezo akahesabu miraba ya ramani kwa kidole, akasema ndiyo. "Basi nasimama." Hakuna aliyemwomba. Uhai wake ulipofika sifuri akaanza kurusha dadu ya pande 20, ile ya kupigania roho: ukipata 10 kwenda juu umepata nafuu, ukipata chini ya hapo umesogea hatua moja kuelekea kaburini, na hatua tatu zinakumaliza. Dadu ya kwanza ikatoka 7. Ya pili ikagonga ukingo wa kitabu, ikazunguka, ikalala kwenye 1. Na 1 huhesabika mara mbili. Aliigeuza karatasi yake kifudifudi, akaweka dadu juu yake polepole, kama mtu anayemfunika aliyelala. Sote tulikaa kimya. Nimecheza naye miaka mingi na sijawahi kuona mkono wake ukienda taratibu namna ile.

Maiti tuliipata kando ya mto, siku ya tatu kwa hesabu ya mchezo. Hapo ndipo mchawi wetu aliponigeukia. "Kasisi, wewe si una almasi?"

Kanuni yenyewe iko wazi. Uganga wa kufufua unaomjuzu kasisi wa ngazi yangu unataka maiti isiyozidi siku 10, saa nzima ya maombi, na almasi ya dhahabu 500 inayoteketea. Anayefufuka hupunguziwa 4 katika dadu zake za kushambulia, za kujiokoa na za ujuzi, na upungufu huo hushuka kwa 1 kila baada ya mapumziko marefu. Maana yake, akishalala usiku wa nne, kifo hakina tena alama hata moja mwilini mwake.

Mchawi haoni tatizo. Anasema ulimwengu huu ndivyo ulivyo, una makasisi, una almasi, na kumwacha mwenzako mtoni wakati dawa iko mfukoni ni usaliti. Nilimwelewa. Aliyepinga ni dada anayemchezesha mwizi wetu, na ndiye aliyenishangaza, kwa sababu mwizi wake tulishamfufua mwaka jana kwa almasi kama hii hii. "Mimi nilikufa kwa mtego," alisema. "Sikuchagua. Yeye alichagua. Mkimrudisha kesho, pale darajani patakuwa ni mahali alipoumia siku nne." Mchawi akamjibu kwamba huwezi kuwa na sheria mbili za mauti katika ulimwengu mmoja, moja ya waliokufa kwa bahati mbaya na nyingine ya mashujaa. Na hapo, kwa kweli, nilikosa la kusema, maana wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Kisha mwendesha mchezo akajaribu kutuokoa. Akasema anaweza kuamua kwamba almasi ile ilikuwa kioo tangu mwanzo, au kwamba Kelemvor, mungu wa wafu, amefunga njia msimu huu. Nilipandisha sauti, jambo ambalo silifanyi mezani. "Kaka, tafadhali, usifanye hivyo." Almasi ile tuliikagua siku tuliyoiokota, mwizi alirusha dadu, ikathibitika. Na Kelemvor ninayemjua, aliyewahi kuwa binadamu mpiga upanga kabla ya kuwa mungu, sifa yake kuu ni kutopendelea. Tukimgeuza leo ili tupate kilio kizuri, basi hata kilio chenyewe kitakuwa cha kuazima.

Tuliachana bila kuamua. Nimepewa wiki nzima kufikiri.

Jumatano

Ubishi umeendelea kwenye simu, na kama kawaida yetu umehama mtoni ukaenda kwa Karlach.

Asiyecheza Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa ulimwengu huu huu uliotoka mwaka 2023, ajue hivi: Karlach ni mwanamke aliyeng'olewa moyo na kutiwa injini ya jehanamu kifuani. Injini hiyo haikuumbwa kwa dunia yetu. Akirudi Avernus, huko jehanamu, ataishi, akibaki ataungua. Na mwisho wa mchezo, kwa njia moja ya hadithi, mtu mmoja lazima akubali kugeuka ilithidi, kiumbe mwenye minyiri usoni anayekula bongo, ili adui mkubwa ashindwe. Karlach anaweza kujitolea.

Dada wa mwizi anasema hakuna kujitoa kukubwa kuliko huko, kwa sababu katika vitabu vya zamani vya ulimwengu huu kugeuka ilithidi ni kufa: buu huingia kichwani, huula ubongo, na anayeinuka ni mwingine mwenye makombo ya kumbukumbu zako. Mchawi anajibu kwamba katika mchezo wenyewe Karlach aliyegeuka bado anazungumza kwa sauti ileile, bado anawapenda wenzake, kwa hiyo kilichopotea ni sura tu, na tena amepata njia ya kutoungua.

Nimelisoma jibu lake mara kadhaa leo mchana. Limenionyesha kwamba tunaposema "kafara" na tunaposema "mwendelezo wa historia", yaani kipi cha zamani bado kinasimama, tunazungumzia kitu kimoja. Siwezi kujua Karlach alitoa nini mpaka nijue ilithidi ni nini katika ulimwengu huu. Kama vitabu vya zamani bado vinasimama, alitoa kila kitu, na yule anayetabasamu mwishoni ni kiumbe kingine kinachomkumbuka. Kama havisimami, alibadilishana mwili. Machozi niliyotoa pale gatini, mwisho wa mchezo, yanategemea aya moja ya kanuni iliyoandikwa kabla Karlach hajabuniwa.

Mimi nasimama na vitabu vya zamani. Lakini simlaumu anayesimama na mchezo.

Ijumaa, usiku

Mbona huyu mmoja hatukumtaja: Mystryl.

Huyu ndiye mungu wa uchawi wa kwanza. Mwaka −339 kwa Dalereckoning, kalenda ya ulimwengu huo, mchawi mkuu wa Netheril, dola ya kale ya wachawi, aitwaye Karsus alitunga uganga wa kumpokonya mungu nguvu zake, akamchagua yeye. Ulifanikiwa kwa muda mfupi tu. Karsus hakuweza kuushika Mfumo, ule utando wa uchawi wote wa dunia, ukaanza kuraruka. Mystryl akajitoa ili kukata uzi kabla utando wote haujaharibika. Uchawi ukazimika kwa kitambo, na miji mingi ya Netheril iliyokuwa inaelea angani ikaanguka. Aliyezaliwa upya baada yake, Mystra, akaweka mpaka: uganga wa kiwango cha 10 na kuendelea usipatikane tena kwa mwanadamu.

Fungua karatasi ya mchawi yeyote anayecheza leo. Viwango vya uganga vinaishia 9. Mistari ile michache chini ya ukurasa, ambayo kila mtoto anayejifunza mchezo huijaza bila kuuliza, ndiyo kovu la Mystryl. Alirudi, ndiyo, kwa jina jingine na sura nyingine. Lakini dunia haikurudi ilivyokuwa, na bei yake bado tunailipa kila tunaporusha dadu. Ndiyo maana kurudi kwake hakujawahi kunikera.

Warithi wake sijui niwasemeje. Mystra akafa tena mwaka 1358 kwa kalenda hiyo hiyo, nafasi yake ikachukuliwa na mwanadamu aliyeitwa Midnight. Huyo naye akauawa mwaka 1385, uchawi ukalipuka duniani kote, na vitabu vya mchezo vilivyotoka kwetu mwaka 2008 vikairusha historia mbele karibu miaka 100. Miaka michache baadaye wachapishaji wakaanza kurudisha mengi yaliyofutwa, na Mystra akiwemo. Wapo mashabiki ambao hawajasamehe mruko ule mpaka leo. Kilichoniuma mimi ni kwamba watu wa kawaida tuliowaokoa mezani kwetu walikufa kwa uzee katikati ya sura mbili, bila mstari mmoja wa kuwaaga.

Na Viconia! Katika Baldur's Gate II ya mwaka 2000 alikuwa mwenzangu wa safari, nilitembea naye muda mrefu, nikamwacha amelainika, mwanamke aliyeanza kuaminika. Katika mchezo wa tatu nikamkuta anaongoza hekalu la Shar, mungu wa giza, naye mkatili kuliko nilivyomkuta siku ya kwanza. Nilifunga kompyuta nikatoka nje. Najua mchezo wa tatu hauwezi kuwakumbuka Viconia wote walioachwa na wachezaji wote. Lakini kazi ya kumbadilisha haikuwa ya dakika moja, na haikutajwa popote.

Kwa hiyo, nikijipima kwa haki: wabadilishe miaka, wabadilishe sura, wafufue nani na nani. Kinachonigusa ni malipo. Mtu alitoa nini, na dunia ilipokea nini. Hilo likiguswa, nahisi nimeibiwa.

Ila hapo hapo najiuliza: na mimi, Jumapili, nataka kufanya nini pale mtoni?

Nimefungua kitabu cha kanuni kuusoma tena uganga wangu, neno kwa neno, badala ya kuutegemea kichwa. Nimekuta sharti ambalo sisi sote tulilipita tukibishana juu ya siku 10 na dhahabu 500. Roho ya marehemu lazima iwe huru, na iwe inataka kurudi.

Inataka. Tumebishana wiki nzima juu ya mtu ambaye hatukumuuliza. Naye hakuandika hata ujumbe mmoja.

Jumapili, usiku

Nilimwambia mwendesha mchezo kwamba kasisi wangu anaomba. Akasema saa moja inapita. Mwizi akawasha mishumaa, mchawi akasimama upande wa miguu ya maiti akilinda. Nilieleza jinsi ninavyoweka almasi juu ya kifua chake, pale dirii ilipopasuka. Hakuna aliyebisha, hata dada wa mwizi. Kanuni ilikuwa ileile iliyomrudisha yeye.

Mwendesha mchezo akamgeukia rafiki yangu, ambaye alikuwa amekaa jioni nzima bila karatasi mbele yake. "Uko kwenye Uwanda wa Fugue, pamoja na wafu wote wanaosubiri kuchukuliwa na miungu yao. Mjumbe wa mungu wako amefika. Nyuma yako unasikia sauti ya kasisi ikikuita kwa jina. Njia iko wazi. Unarudi?"

Alinitazama mimi, si mwendesha mchezo. "Walifika ng'ambo wote?"

"Wote," nikasema.

"Basi namfuata mjumbe."

Mchawi alishusha pumzi kwa nguvu. Dada wa mwizi alikuwa anafuta macho. Mwendesha mchezo akasema taratibu kwamba mwanga juu ya kifua umezimika, na almasi imekuwa vumbi, kwa kuwa uganga ulishapigwa na malipo yamekwenda.

Nikachukua kifutio nikafuta mstari ule. Penseli ilikuwa imekaa sana, haikutoka vizuri. Ukiinamisha karatasi kwenye taa bado inasomeka. Chini yake zimebaki kamba na mafuta ya taa. Rafiki yangu alikuwa ameshavuta karatasi mpya, anarusha dadu za mhusika mwingine, akamuuliza mwendesha mchezo kama lile daraja linaweza kujengwa upya, na kama wenyeji wa ng'ambo wameshalipa jina.