Rivolva ya Vita Gani?

Kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye pete iliyo chini ya mpini kilisema: "Vita vya Makaburu, 1899–1902." Familia ya afisa mmoja aliyekwisha kufariki ndiyo iliyoitoa ile rivolva kwa makumbusho madogo ya jeshi kaskazini mwa Uingereza. Nilikuwa nikijitolea pale wakati wa masomo, na kazi yangu ilikuwa kulinganisha silaha za ghalani na maelezo yake.

Mhifadhi, mama mtu mzima asiye na haraka, aliifungua kwanza. Ukisukuma kitasa cha kushoto kwa kidole gumba, mtutu huinama mbele, na kinyota kilicho katikati ya silinda huchomoza kusukuma nje maganda yote sita kwa pamoja. Alipohakikisha matundu yote ni matupu, ndipo akanikabidhi.

Ilikuwa Webley, rivolva ya Kiingereza, ya kaliba .455 (upana wa risasi kwa inchi), nzito kweli mkononi. Nami nilikuwa nimeshazisoma sana hizi. Jeshi la Uingereza lilipokea toleo la kwanza, Mark I, mwaka 1887, na ile ya wakati wa Makaburu ni Mark IV ya 1899. Zile za mwanzo, hadi Mark V, mpini wake umepinda kwa chini kama mdomo wa ndege. Huu niliokuwa nimeushika ulikuwa mnene, umekatwa mraba. Nikapima mtutu: inchi 6. Kisha nikaelekeza taa juu ya fremu, nikasoma "MARK VI". Toleo hilo lilipokelewa Mei 1915. Chini ya silinda kulikuwa na mwaka: 1916.

Basi isingewezekana kabisa kuwa ilipigana na Makaburu.

Palikuwa pia na alama ya mshale mpana, yaani mali ya serikali, na mahali pengine mishale miwili iliyogusana ncha, ishara kwamba silaha iliondolewa jeshini na kuuzwa. Alama hii ya pili ndiyo iliyonipendeza zaidi, kwani ilieleza ilivyofika nyumbani kwa watu.

Tungeweza kufuta maelezo ya zamani na kuendelea. Mimi sikuridhika. Watu hawabuni tu habari za baba yao. Tukalitafuta jalada la familia, na ndani yake mlikuwa na muhtasari wa utumishi wake: kijana Afrika Kusini, kisha, akiwa na umri mkubwa, Afrika Mashariki mwaka 1917, katika vita dhidi ya Wajerumani na kamanda wao, von Lettow-Vorbeck.

Nilinyamaza kidogo. Mimi nimekulia karibu na Taveta, nchini Kenya, mahali ambapo mlima wa Salaita na mapigano yake ya Februari 1916 bado vinasimuliwa, pamoja na wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Watoto wa yule afisa walisikia "vita vya Afrika" na wakashika ile iliyo maarufu kwao. Ya kwetu iliwapita.

Nilimwambia mhifadhi hivyo, waziwazi, na nikaomba maelezo mapya yawataje wapagazi. Alisema bastola haithibitishi yule afisa aliibeba wapi, kwa hiyo tuandike mwaka wa kutengenezwa peke yake, na utumishi wake kando. Alikuwa sahihi. Wapagazi tukawaweka kwenye mstari wa utumishi, kwa maneno niliyoandika mwenyewe.