Nywila ya kiwandani kwenye kifaa cha mikutano ya video

Ukifunga kifaa cha mikutano ya video ofisini, iwe Upper Hill au Westlands jijini Nairobi, badilisha nywila ya msimamizi kabla ya kukiunganisha na intaneti. Kodeki nyingi (mitambo inayoendesha picha na sauti za mkutano) za Cisco TelePresence zilikuja na jina "admin" bila nywila yoyote. Simu nyingi za Polycom zilitumia nywila 456. Miongozo yenye siri hizo inasomwa na yeyote.

Aliyeingia kwenye kifaa kupitia mtandao anaweza kuwasha upokeaji simu wa kiotomatiki, kisha asikilize kikao cha bodi nanyi mmefunga mlango. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Weka nywila ndefu, zima Telnet (njia ya zamani isiyo salama ya kuingia kwenye kifaa kupitia mtandao), na kwenye fayawoli, yaani kinga ya mtandao wa ofisi, zuia poti 1720 na 5060, milango ambayo simu za video hupitia, zisifikiwe kutoka nje. Fundi akirejesha mipangilio ya kiwandani, nywila yako hufutika, kwa hiyo kagua upya kabla hajaondoka.