Nilivyopiga picha ya joho jeusi na kanzu nyeupe

Joho jeusi juu ya kanzu nyeupe ni mtihani kwa kamera yoyote. Hayo ndiyo yaliyokuwa mavazi ya masultani wa Zanzibar, na Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, alimpiga picha Sultani Khalifa bin Haroub. Nami nilipoombwa kumpiga picha mzee akiwa na joho, kilemba na jambia, nilianza na dirisha.

Vitabu vya Ulaya husema tumia dirisha la kaskazini. Unguja usifuate. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, kwa hiyo mwanga tulivu unaupata kwenye dirisha la kusini.

Kamera ikiachiwa ipime yenyewe, weusi wa joho huidanganya: inaongeza mwanga, kanzu inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu, na tarizi ya kola inapotea. Nilishika kadi ya kijivu ya kupimia mwanga usoni pa mzee, nikapima hapo, nikafunga vipimo: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/5.6, muda wa sekunde 1/60, kamera juu ya stendi. Lenzi 85mm, mita tatu hivi kutoka kwa mzee, kamera usawa wa kifua chake. Ukishuka chini ya hapo kidevu kinakuwa kikubwa na kilemba kinaonekana kidogo.

Kilemba hutupa kivuli machoni mwanga ukitoka juu sana. Niliziba nusu ya juu ya dirisha kwa shuka zito, macho yakafunguka. Mwanga wa ubavuni, ukipita sambamba na kitambaa, ndio unaoinua nyuzi za dhahabu; ukitoka mbele dhahabu inageuka kahawia.

Joho likikunjamana begani, usiliguse. Nilimwomba mwanawe alinyooshe, kisha: "Mzee, tafadhali inua kidevu kidogo." Vipimo vyote nilikuwa nimeshavijaribu kwa kijana wa kimo chake, aliyevaa koti jeusi na shati jeupe, kwa sababu mzee hasimamishwi zaidi ya dakika kumi.

Lililonisumbua ni jambia. Fedha haionyeshi mwanga, inaonyesha kilicho mbele yake, na mbele yake nilikuwa mimi na fulana nyekundu. Kichujio cha kuondoa mng'ao hakisaidii kwenye chuma. Niliweka shuka jeupe la mita mbili upande wa kushoto na kitambaa cheusi chembamba kando yake. Kipini kikapata weupe wake na mstari mweusi unaochora umbo. Ukiona bado kuna wekundu humo, vaa nyeusi.